Uso wa kioo unavyozipanga fuwele kimiminika

Skrini ya kalkuleta au ya ile saa ya digitali ya bei poa ina fuwele kimiminika ndani, na wengi tunaishia hapo, kwamba kuna kimajimaji flani humo, kikipata umeme namba inatokea nyeusi, basi. Ila swali ambalo mimi naona ndo lenye utamu ni hili: kabla umeme haujafika, hizo molekuli zimejuaje zilale kuelekea wapi? Maana zenyewe hazijui. Anayezipangia ni uso wa kioo zinachokigusa.

Fuwele kimiminika inamwagika kama mafuta, lakini molekuli zake ni ndefu ndefu kama njiti za kiberiti na zinapenda kulala zikiwa zimeelekea upande mmoja. Upande upi, hapo ndo hazina msimamo. Ukidondosha tone kati ya vioo viwili ambavyo umeviosha tu, kila sehemu inajichagulia upande wake, na ukichungulia kwa hadubini yenye polaraiza (kichujio kinachopitisha mwanga unaotikisika upande mmoja tu) unaona mabaka mabaka na nyuzi nyeusi zinapindapinda, vurugu tupu. Sasa chukua vioo vingine, visugue kwa karatasi au kitambaa kwenda upande mmoja, ukifika mwisho unanyanyua mkono unaanza tena, halafu weka tone, na zote zinalala kufuata ulivyosugua. Mfaransa Charles Mauguin alishaliona hili mwaka 1911, na viwanda vya skrini vimeishi kwa mbinu hiyo hiyo miaka na miaka: kioo kinapakwa utando mwembamba wa polima (kitu chenye molekuli ndefu kama minyororo) inayoitwa poliimidi, unaokwa ukauke, kisha linapitishwa juu yake roli linalozunguka limevishwa kitambaa cha manyoya kama velveti. Yaani teknolojia yote ile, katikati yake kuna kufuta vumbi.

Kwa nini kusugua kunafanya kazi? Maelezo yaliyozoeleka ni ya mifereji. Mwaka 1972 Dwight Berreman wa maabara ya Bell Labs kule Marekani alipiga hesabu akasema hivi, kusugua kunaacha mifereji midogo sana, molekuli ikilala kufuata mfereji inabaki imenyooka, lakini zikilala kukatiza mifereji inabidi mpangilio wao upande na kushuka kila tuta, na fuwele hizi hazipendi kupindishwa, kupinda kunagharimu nishati, kwa hiyo zinachagua njia ya gharama ndogo. Na gharama yenyewe inakua kwa kasi sana, inafuata kina cha mfereji kwa kipeo cha pili na inagawanywa kwa umbali kati ya mfereji na mfereji kwa kipeo cha tatu. Kwa hiyo ukiacha kina vile vile ukaisogeza mifereji hadi umbali kati yake ukawa nusu, nguvu ya kuzishikilia inapanda mara 8. Mifereji mipana iliyo mbali mbali haisaidii kitu hata ukiiona kwa macho.

Hesabu nzuri, ila kuna kitu kinaiharibia. Polistirini, ambayo ni polima nyingine, ukiisugua, molekuli za fuwele zinalala kukatiza njia uliyosugulia! Mifereji inaenda huku, zenyewe zinaenda kule. Kinachotokea ni kwamba kusugua hakuchimbi tu, kunavuta minyororo ya polima yenyewe ikanyooka, na kwenye polistirini kuna vile vipete vya kaboni vimechomoza pembeni mwa mnyororo, fuwele zinajipanga navyo. Mimi kwa upande wangu naona kwenye poliimidi mnyororo ndo bosi, mfereji ni msaidizi. Na kemia inaweza hata kuzisimamisha wima, paka kioo lesithini, ile ile ya kwenye kiini cha yai, mikia yake ya mafuta inasimama na molekuli zinasimama nayo.

Kwenye kalkuleta sasa, kioo cha juu kimesuguliwa upande mmoja na cha chini kimegeuzwa nyuzi 90, katikati pengo la maikromita chache tu, kwa hiyo molekuli hazina namna, zinajisokota taratibu kutoka uso mmoja hadi mwingine na mwanga ulioingia kwa polaraiza ya kioo kimoja unasokotwa nazo ukapita polaraiza ya pili iliyo kwenye kioo kingine. Umeme ukija zinasimama, mwanga hausokotwi tena, unakwama kwenye polaraiza ya pili, hapo namba inaonekana nyeusi. Umeme ukikatika nyuso mbili zinazirudisha zilipokuwa. Ukibonyeza kidogo skrini ya zamani ya kompyuta unaona doa linasambaa chini ya kidole, ukiachia linapotea lenyewe, ni kazi ya nyuso hizo hizo.

Ubaya wa kusugua ni kwamba roli linaacha vumbi na umeme tuli, na umeme tuli unaunguza transista, zile swichi ndogo ndogo za skrini, zilizoko chini. Ndo maana kuanzia miaka ya 1990 watafiti wakahamia kwenye kumulika utando kwa mwanga wa urujuanimno uliopolarishwa, mwanga unachagua molekuli za utando zilizoelekea upande flani na kuzibadilisha, fuwele zikija zinafuata. Hakuna kitambaa wala mfereji wowote, na zinapangika vizuri tu.