Kwa nini kidole cha mwisho hufa ganzi ukiendesha baiskeli safari ndefu?

Ukiendesha baiskeli kutoka Igoma hadi Magu, mkoani Mwanza, bila kubadili mshiko, unaweza kufika huhisi kidole cha mwisho pamoja na nusu ya kidole cha pete. Ni nusu kweli, upande ule unaopakana na kidole cha mwisho. Vidole vingine vyote vizima.

Jibu la kijiweni ni kwamba damu haipiti, na dawa ni kuuvalisha usukani sifongo nene. Yote mawili hayako sawa. Damu ingekatika, mkono ungepauka na kupoa, wala ganzi isingechagua nusu ya kidole. Kinachobanwa ni neva moja, yaani mshipa wa fahamu. Inapita nyuma ya kiwiko upande wa ndani (ndiyo ile inayokupiga shoti ukijigonga kiwiko mlangoni), kisha inaingia kiganjani kwenye mfereji mwembamba, kando ya kifupa unachoweza kukipapasa pale kiganja kinapoanzia, upande wa kidole cha mwisho. Eneo lake ni kidole hicho na nusu ya jirani yake. Ganzi ikishika gumba, shahada na cha kati, hiyo ni neva nyingine, inayopita katikati ya kifundo cha mkono.

Sasa sifongo. Chukua uzi wa nyavu, ulaze kwenye ufa kati ya mawe mawili. Ukiweka ubao juu na kuukalia, mawe yanabeba uzito, uzi unabaki salama. Ukiweka godoro na kulikalia, linazama ufani hadi kuukandamiza uzi. Mawe ni mifupa ya kiganja. Mpira mgumu kiasi, mpana chini ya kiganja, hufanya kazi ya ubao. Sifongo jembamba hupunguza mtetemo wa barabara ya vumbi, hilo halina ubishi. Tatizo ni lile nene linalobonyea.

Kifundo kilichopinda huongeza balaa. Kamba ya nanga ikinyooka haisuguliwi. Ikipinda kwenye ukingo wa mtumbwi, mzigo wote unaangukia pale ilipopindia. Kifundo kinachoelekea juu huileta neva kwenye ukingo huo.

Kwa hiyo marekebisho huanzia kwenye siti, si kwenye usukani. Ilaze siti sawa kwa pimamaji ya fundi ujenzi. Pua yake ikiinama, unateleza mbele na mikono inageuka breki ya mwili wako mchana kutwa. Kisha breki: kwa usukani ulionyooka, legeza bolti ya mkono wa breki, uuzungushe kuelekea chini, anza na digrii 45 hivi chini ya usawa. Umefika pazuri pale vidole viwili vinapoishika breki huku kiwiko, kifundo na mgongo wa kiganja vikiwa mstari mmoja. Miili haifanani, basi jaribu kilomita kadhaa kabla ya kukaza moja kwa moja.

Kimo ndicho cha mwisho. Kwa safari ndefu, usukani ulingane na siti au uzidi sentimita 2 au 3. Kwenye Black Mamba, ile baiskeli nyeusi nzito ya chuma, fungua bolti ya juu ya shingo (chuma kinachoshika usukani na kuzama ndani ya fremu) mizunguko mitatu bila kuitoa, weka kipande cha mbao juu yake, gonga nyundo mara moja ili kabari iliyo ndani iachie. Inua sentimita moja moja. Usivuke alama iliyochorwa kwenye chuma. Kama haipo, acha angalau sentimita 7 zibaki ndani, la sivyo shingo inaweza kukatika mteremkoni. Ukikaza, bana tairi la mbele kwa magoti na usokote usukani; haupaswi kucheza.

Halafu inua gurudumu la mbele, ulizungushe. Breki za Black Mamba ni za fito za chuma badala ya waya, na fito hupanda pamoja na usukani, hivyo mipira ya breki inaweza kuwa tayari imegusa rimu. Legeza kiungio cha fito, ishushe kwa kadiri ulivyopandisha usukani, kaza, zungusha tena.