"Si Kilima Tu, Mzee?"

Juzi tena. Kijana kashuka kwenye daladala pale Mikindani, pwani ya Mtwara, saa nne asubuhi, peke yake, chupa ya nusu lita mkononi. "Shikamoo mzee. Njia ya kupanda huko juu ndiyo hii?" Marahaba, nikamjibu, maji mengine umeyaacha wapi? Akacheka. "Si kilima tu, mzee? Mimi Kilimanjaro nimefika."

Hongera. Huyu ni wa nne tangu korosho zianze kuanguka, kwa hiyo leo naandika.

Vilima vya nyuma ya Mikindani havifiki hata mita 300, na ubaya wake uko hapo hapo. Kila ukipanda mita 100 hewa inapoa kama nusu nyuzi na kidogo. Ndiyo maana aliye Kibo, kilele cha Kilimanjaro, mita 5,895, anatetemeka, na wa Newala, juu kwenye uwanda wa Makonde, jioni anatafuta sweta. Wewe umetweta mpaka kileleni kwangu na bado uko pwani.

Halafu jasho. Jamani, jasho halipozi mwili kwa kutoka, linapoza kwa kukauka! Mjini Moshi linakauka hata hujalisikia. Huku, kaskazi ikishaanza kuvuma, hewa imeshiba maji. Jasho linachuruzika tu hadi kwenye soksi, linaondoka na chumvi yako, joto linabaki ndani. Kwa hiyo usinionyeshe shati lililolowa ukasema "mwili unajipoza". "Nitapita kivulini," wanasema. Kivuli cha mwembe uani kwa bibi, sawa, kina upepo. Kivuli cha kichaka bondeni ni chungu kilichofunikwa. Mimi huwa naona heri nipite mgongoni mwa kilima, kofia kichwani, upepo ukinipiga. Wakati wa kusi upepo huo nao ni mwongo: unajiona umepoa, unasahau kunywa.

Na dafu, msinichukie. Nalinywa kila siku. Lakini lina potasiamu nyingi na chumvi ile ya kawaida kidogo, na iliyokutoka kwa jasho ni hiyo ya kawaida. Beba muhogo wa kukaanga wenye chumvi, ndipo dafu lifuate.

Maji kiasi gani? Nasema lita tatu kwa nusu siku, na nakiri hayo ni mazoea yangu zaidi kuliko hesabu. Nimepishana na mama anashuka na mzigo wa kuni kichwani, hajagusa maji tangu alfajiri, anaimba. Nimemwona pia mtu wa mazoezi, kifua kama mlango, ameishiwa nguvu na maji anayo mgongoni. Mwili uliozoea joto ni kitu kingine, na mgeni wa siku mbili hana mwili huo. Ninachoogopa ni ukimya. Niliwahi kuongoza mgeni msemaji akanyamaza ghafla. Nikadhani amenuna, kumbe joto limempanda. Hadi leo mtu akinyamaza siwezi kuapa ni lipi kati ya hayo mawili, basi namkalisha tu, namwagia maji shingoni, akasirike akitaka.

Ukiwa peke yako hakuna wa kukuona umenyamaza. Mwachie mama ntilie au bodaboda saa yako ya kurudi, na uitaje kamili. Njia zinapita katikati ya mikorosho ya watu, na msimu huu mwenye shamba anaona mwizi kwanza, mtalii baadaye: piga hodi, salimia, usiokote. Upupu usiuguse. Giza la huku halibishi hodi. Jua likizama, umechelewa.

Anza saa kumi na mbili asubuhi. Yule kijana nilimwambia arudi kesho yake saa hiyo. Alirudi saa mbili kasoro, ana lita tatu na muhogo kwenye gazeti. Nikampitisha, huku nanung'unika.