Kwa nini dawa ya thairoidi haipatani na vidonge vya kuongeza damu?

Kwa miaka mingi niliamini kwamba dawa mbili zikigombana, zinagombana kwenye damu: yenye nguvu inaishinda dhaifu. Kwa imani hiyo nilimshauri mama mdogo, anayeishi Kiboriloni hapa Moshi, ameze vidonge vyake vyote asubuhi na chai ya maziwa ili asisahau. Alikuwa na aina mbili tu: levothairoksini ya mikrogramu 100, yaani homoni ya thairoidi katika kidonge, kwa kuwa tezi yake ya shingo (thairoidi) imechoka kazi, na vidonge vya kuongeza damu, vyenye madini ya chuma, alivyoandikiwa baadaye. Baada ya miezi mitatu uchovu ukamrudia, kipimo cha TSH, homoni inayoiamuru tezi hiyo ifanye kazi, kikapanda (hupanda homoni ya thairoidi inapopungua, ndivyo kilivyo kichwangomba), na yakaanza mazungumzo ya kumwongezea dozi. Dada wa duka la dawa ndiye aliyeuliza: "Shikamoo mama. Hii unaimeza na nini?"

Damu, kumbe, haikuhusika. Ugomvi huu unatokea ndani ya utumbo, na kilicho ndani ya utumbo bado hakijaingia mwilini, kama vile abiria aliye stendi bado hajapanda basi.

Tubaki hapo hapo stendi. Levothairoksini ni abiria mwenye tiketi. Anachotakiwa ni kuvuka uwanja wa utumbo mwembamba na kuingia mlangoni, yaani kupenya ukuta na kufika kwenye damu. Madini ya chuma ni wapiga debe. Hawampigi abiria wala hawamchanii tiketi. Wanamng'ang'ania mkono tu, na aliyeng'ang'aniwa hapiti mlangoni. Basi linaondoka, yeye na waliomshika wanatokea choo cha nyuma. Dawa imemezwa, haijaharibika, na haijafanya kazi.

Tena idadi yenyewe ni ya kuchekesha. Kidonge cha kawaida cha chuma cha miligramu 200 kina takriban miligramu 65 za chuma chenyewe. Mikrogramu 100 ni sehemu moja ya kumi ya miligramu. Kwa uzito, chuma ni mara 650. Ukihesabu chembe badala ya uzito, kila abiria mmoja anakabiliwa na wapiga debe zaidi ya 9,000. Stendi ya Moshi siku ya tarehe 23 Desemba ina nafuu.

Jambo hili lilipimwa. Mwaka 1992 watafiti walichapisha matokeo ya wagonjwa 14 waliomeza vyote viwili kwa wakati mmoja kwa wiki 12, na wastani wa TSH yao ukapanda. Wagonjwa 14 si wengi. Ila watafiti hao walichanganya pia chuma na thairoksini (homoni ileile ya kidonge) kwenye chupa ya maabara, wakapata kitu cha rangi ya zambarau kisichoyeyuka vizuri. Wapiga debe wakiwa kazini, wanaonekana kwa macho.

Nilipoelewa hilo nikakosea mara ya pili: nikadhani dakika kumi za kuachanisha zinatosha. Uwanja hausafishiki upesi hivyo. Ushauri wa kawaida ni saa nne kati ya levothairoksini na chuma, kalsiamu, au dawa za kiungulia zenye aluminiamu. Maziwa yana kalsiamu, kwa hiyo ile chai nayo ilikuwa mshiriki.

Kosa la tatu lingekuwa kuamini kwamba saa nne zinatibu kila kitu. Omeprazoli, nayo dawa ya kiungulia, hainyakui abiria. Inapunguza asidi ya tumbo ambayo kidonge kinaihitaji ili kiyeyuke. Rifampisini ya kifua kikuu, na kabamazepini au fenitoini za kifafa, zenyewe hulichochea ini liimalize homoni haraka zaidi. Hapo hata ukimeza moja alfajiri na nyingine usiku haisaidii. Daktari ndiye anayepima na kurekebisha dozi.

Na kahawa? Kuuliza hivyo Moshi ni kama kutukana ukoo. Kundi dogo la wagonjwa Italia, katika utafiti wa 2008, lilionyesha kwamba kahawa inayonywewa papo hapo na kidonge hupunguza kinachoingia. Ushahidi ni mwembamba, lakini kusubiri saa moja hakumnyimi mtu kahawa.

Mama mdogo sasa anameza levothairoksini na maji matupu jogoo wa kwanza akiwika, kahawa baadaye, chuma baada ya chakula cha mchana. Levothairoksini hupungua mwilini polepole, nusu kwa takriban wiki moja, ndiyo maana walisubiri wiki nane kabla ya kupima tena. TSH ilirudi mahali pake kwa mikrogramu zilezile 100. Alichotaka kujua kwangu ni kimoja tu: ile zambarau, mbona yeye hakuwahi kuiona?