Gari Linagonga Chini? Usikimbilie Shokapu

Ukiendesha Toyota ndogo kama IST, Vitz au Passo kwenye barabara zetu, siku moja utausikia tu: ko-ko-ko kutoka mbele, hasa ukitembea taratibu kwenye barabara ya vumbi. Ushauri utaupata hapo hapo kijiweni: shokapu (zile zinazozuia gari kudundadunda) zimekufa, badilisha. Unauziwa mbili, zinafungwa, unaondoka, na mlio uko pale pale. Inaniuma kuona watu wanapoteza hela hivi wakati hitilafu nyingi za namna hii zinapimika nyumbani kwa mkono. Hizi hapa dhana potofu, moja moja.

Dhana: Gari likigonga, shokapu zimekwisha.

Shokapu iliyochoka kwa kawaida hulifanya gari lidunde na kuyumba kabla halijaanza kugonga. Mlio wa kugonga mara nyingi ni chuma kilichopata nafasi ya kucheza, na mahali pa kwanza pa kutazama ni linki za stabilaiza. Ni vijiti viwili vifupi, kimoja kila upande, vinavyounganisha shokapu za mbele na stabilaiza, kile chuma kirefu kinachopita chini ya gari na kulizuia lisilale sana kwenye kona. Ncha zake zina vichwa vya mviringo vilivyofunikwa kwa mpira. Mpira ukipasuka, vumbi na maji vinaingia, grisi inatoka, kichwa kinalika. Mlio wake ni mwepesi na wa harakaharaka, tena husikika zaidi gurudumu moja linapoingia shimoni peke yake. Ukivuka tuta kwa magurudumu yote mawili kwa pamoja, huenda usisikie kitu, kwa sababu stabilaiza hujipinda pale tu upande mmoja unapopanda kuliko mwingine.

Kwa sababu hiyo hiyo watu wengi huipima vibaya. Ukinyanyua upande mmoja kwa jeki, stabilaiza inajipinda na kuibana linki, hivyo hata iliyokufa itaonekana nzima. Acha gari likae kwenye matairi yote, kata usukani upate nafasi, ingiza mkono, uishike linki na kuitikisa kwa nguvu. Ikilia kidogo tu, umeipata. Kuibadilisha ni nati mbili, kwa Toyota ndogo mara nyingi spana 14 au 17. Nati ikizunguka pamoja na bolti yake, tazama kwenye ncha ya bolti: kuna tundu la pembe sita la kuishikilia. Wheel alignment (kunyoosha magurudumu) haihitajiki kwa kazi hii.

Dhana: Ukibonyeza boneti gari likatulia, shokapu ni nzima.

Jaribio hilo hugundua shokapu iliyokufa kabisa tu. Tazama oili kwenye mwili wa shokapu: unyevu mwembamba si shida, lakini ikichuruzika hadi chini, badilisha mbili za mbele kwa pamoja, au mbili za nyuma.

Dhana: Bushi mpya (ule mpira wa kwenye maungio) inakazwa gari likiwa bado juu ya jeki.

Hili ndilo kosa linaloua bushi mpya mapema. Bushi nyingi za ami (mkono wa chuma unaoshikilia gurudumu kwenye gari) zina bomba la chuma katikati lililogandishwa na mpira. Ukikaza bolti, bomba linabanwa na haliwezi kuzunguka tena. Kuanzia hapo mpira ndio unaojipinda ami inapopanda na kushuka. Ukikaza gurudumu likiwa linaning'inia, basi gari likishushwa mpira unakaa umepindwa muda wote, hata likiwa limeegeshwa. Utachanika mapema, kisha utaambiwa bushi ilikuwa feki. Funga bolti kwa kulegeza, shusha gari likae kwa uzito wake, ndipo ukaze hadi mwisho.

Dhana: Oili chafu ya injini ikipakwa kwenye bushi inaondoa mlio.

Itatuliza ukelele wa mpira kwa muda mfupi, lakini oili ya injini huuvimbisha na kuulainisha mpira asilia. Mlio ukirudi, utarudi na bushi iliyoharibika zaidi.

Dhana: Spesa (kipande cha kunyanyulia gari) kwenye springi haina madhara.

Naelewa kwa nini watu wanaziweka: gari linakwangua chini kila siku. Ila gari likinyanyuliwa, shokapu hukaa imevutika zaidi, na kwenye shimo kubwa inaweza kufika mwisho wa urefu wake na kugonga. Kama mlio ulianza baada ya kuweka spesa, anza hapo.

Dhana: Kila kinachogonga ni cha chini.

Toa jeki na tairi la akiba kwenye buti, uendeshe tena; mlio ukipotea, ndivyo vilivyokuwa vinagonga. Kisha gusa breki kidogo unapopita penye mlio. Mlio ukikoma, kagua pedi za breki na kalipa (kifaa kinachozibana) kwanza.

Dhana: Ni kelele tu, gari linatembea.

Kwa boljointi ya chini (kiungo cha mviringo kati ya ami na gurudumu), hapana. Ikichomoka, gurudumu linalala ukiwa barabarani. Nyanyua gari, liweke juu ya stendi (usiingie chini ya gari linalotegemea jeki peke yake), kisha shika tairi juu na chini ulitikise. Likicheza, mtu akanyage breki: mchezo ukiisha, shuku beringi ya gurudumu; ukibaki, penyeza mtaimbo kati ya ami na chuma kinachobeba kitovu cha gurudumu uangalie boljointi. Ukishika kushoto na kulia likacheza, tazama tairodi (fimbo ya usukani inayogeuza gurudumu). Boljointi iliyolegea ikithibitika, gari lisitoke hadi ibadilishwe. Kazi ya kufungua springi kwenye shokapu mpelekee fundi mwenye kifaa cha kuibana. Ikifyatuka inaweza kuua.