Mimba ya binti, lawama ya mama

Mama akimleta binti kupimwa, mara nyingi anayejibu ni yeye. Nauliza mtoto aliona lini siku zake mara ya mwisho, mama anadakia: "Ni malaria tu, mama mkunga, anatapika." Binti yuko kimya ndani ya sweta kubwa, jua linawaka. Lakini mama anajua. Ndiye anayefua nguo za nyumba nzima. Ameona mwezi wa pili huu vile vitambaa havikuanikwa.

Nafanya kazi ya ukunga hapa Kadutu, Bukavu, mashariki mwa Congo, na naona hasira ya mama haimwendei binti peke yake. Mtoto akifaulu mtihani, baba anasema "binti yangu." Akipata mimba, anakuwa "mtoto wako." Wakwe, majirani, wenzake wa kwaya, wote wanauliza mama alikuwa wapi. Alikuwa sokoni anauza sambaza, wale samaki wadogo wa ziwani, huyohuyo binti apate pesa ya masomo! Na wapo ambao wenyewe walizaa wakiwa na umri huo. Hao ndio wakali kupita wote.

Kwa hiyo wanaficha. Binti anapelekwa kwa shangazi Walungu au Kabare, na miezi inapita bila kipimo cha damu, bila vidonge vya kuongeza damu wala dawa ya kukinga malaria. Shirika la Afya Duniani tangu 2016 linashauri mjamzito aonane na mhudumu angalau mara 8, na linasema wazi kwamba akina mama wa miaka 10 hadi 19 wako katika hatari kubwa zaidi ya kifafa cha mimba kuliko wale wa miaka 20 hadi 24. Kichwa kikimgonga, macho yakiona ukungu, uso ukivimba, usimwambie anadeka. Mlete usiku huohuo.

Njia nyingine ni kumpeleka kwa aliyempa mimba, wazee wakae, mbuzi ya mahari itajwe. Naelewa: mama anatafuta kupumua. Ila sheria ya Congo ya 2009 ya kumlinda mtoto inakataza uchumba na ndoa ya mtoto, na Kanuni ya Familia iliyorekebishwa 2016 inataka miaka 18 kwa wote wawili. Tena nimewaona mabinti wakirudishwa kwao mtoto akiwa mgongoni, na mama anaanza upya, safari hii na vinywa viwili vya kulisha.

Siku hizi naanza na mama, binti akisubiri nje. Namuuliza kama analala, kama anakula, mzee nyumbani amesema nini. Akishalia, ndipo anaanza kusikiliza habari za vidonge.

Kisha tunapanga masomo ya binti kabla ya uzazi, maana baadaye kila mtu amechoka. Nani atabaki na mtoto? Bibi akienda naye sokoni, maziwa yatakamuliwa kwenye chombo gani? Chombo kioshwe kwa maji moto na sabuni, kifunikwe, kiwekwe pasipo jua. Bila friji, maziwa ya mama hukaa muda wa saa 4 hivi. Anayesoma asubuhi, na shule si mbali, anawahi kurudi kunyonyesha.