Ubini wa Waskandinavia: Svärd na Svärd si lazima wawe ndugu

Kiswahili kina neno la jina la ukoo ambalo nalipenda sana: ubini. Ndani yake mmekaa "bin", yaani mtoto wa fulani. Anayelielewa neno hilo amekwisha kuielewa nusu ya habari hii, kwa sababu Hansen ni "bin Hans" na Andersson ni "bin Anders". Wenzetu wa Skandinavia wameiweka bin yao mwishoni, basi. Kinachowapotosha watu ni kuyasoma majina hayo kama hati za koo za kale, na hapo ndipo dhana potofu zinapoanzia.

Dhana: Majina haya yamerithishwa tangu enzi za Waviking

Ukweli: Waviking, mabaharia wa kale wa Skandinavia, hawakuwa na majina ya ukoo. Leif Eiriksson, aliyefika Amerika ya Kaskazini mnamo mwaka 1000 hivi, alikuwa mwana wa Eirik Mwekundu, na huyo Eirik alikuwa Thorvaldsson. Baba na mwana, kila mmoja na ubini wake, kama Salim bin Ali anavyomzaa Hamisi bin Salim. "Mwekundu" ilikuwa lakabu, nayo lakabu hairithiwi. Mfalme Harald wa Denmark aliitwa Blåtand, "Jino la Buluu". Mwanawe Svend aliitwa Tveskæg, "Ndevu Zilizogawanyika".

Kurithisha jina moja kizazi hadi kizazi kulikuja kwa amri za serikali. Denmark iliwaamuru makabaila wake wachague majina ya kudumu mwaka 1526, lakini wakulima walingoja hadi amri ya ubatizo ya 1828. Sweden ilitunga sheria yake mwaka 1901, na Norway mwaka 1923. Kabla ya hapo Jens mwana wa Niels alikuwa Jens Nielsen, na mwanawe Peter akawa Peter Jensen. Jina lilizunguka kila kizazi, kisha sheria ikaligandisha lilipokuwa. Ndiyo maana Denmark, nchi ya watu takriban milioni 6, ina akina Nielsen zaidi ya 200,000 na akina Jensen zaidi ya 200,000.

Iceland haikugandisha. Vigdís Finnbogadóttir, rais kuanzia 1980 hadi 1996, ni Vigdís binti Finnbogi, na kaka wa tumbo moja naye huitwa Finnbogason. Kitabu cha simu kilipangwa kwa majina ya kwanza, na hata rais huitwa kwa jina lake la kwanza bila kuonekana amevunjiwa heshima. Tangu 1925 sheria inakataza kubuni majina mapya ya ukoo. Msomaji wa pwani yetu aliyezoea bin na binti angejisikia nyumbani kule kuliko Mwingereza.

Dhana: Wenye jina moja wana babu mmoja

Kwa akina Andersson hili halihitaji maelezo, maana Anders walikuwa wengi. Kisa cha askari wa Sweden ndicho kinachonivutia zaidi.

Katika miaka ya 1680 Mfalme Karl XI alipanga jeshi upya. Mashamba machache yaliunganishwa kuwa kundi, na kila kundi likamtunza askari mmoja kwa kumpa kijumba na kipande cha ardhi. Sasa fikiria afisa amesimama mbele ya kikosi, anaita "Anders Andersson!" na wanaitika wanne. Kwa hiyo askari akapewa jina fupi, la kuitika haraka: Modig (jasiri), Rask (mwepesi), Stark (mwenye nguvu), Svärd (upanga), Sköld (ngao), Glad (mchangamfu). Kijumba chake nacho kilitundikwa kibao chenye namba na jina la kikosi.

Mara nyingi jina lilikuwa la kijumba, si la damu. Askari akifa au akistaafu, anayeingia badala yake analichukua, hata kama ametoka kijiji kingine kabisa. Watu watatu walioitwa Svärd, mmoja baada ya mwingine, katika kijumba kimoja wanaweza wasiwe na undugu wowote. Wapo pia askari walioliacha jina la jeshini walipostaafu, na wapo ambao watoto wao walibaki na ubini wa baba. Anayechora mti wa ukoo kwa kufuata jina tu hapa anaweza kupachika mababu wa watu wengine.

Dhana: Jina la shamba Norway ni ushahidi kwamba ukoo ulilimiliki

Ukweli: lilikuwa anwani. Ole Hansen Bakke ni Ole, mwana wa Hans, akaaye Bakke (mteremkoni). Akihamia Haugen (kilimani) anakuwa Ole Hansen Haugen, awe mwenye shamba, mpangaji au kibarua. Mwanamume aliyeoa na kuhamia shamba la mkewe aliitwa kwa shamba hilo. Dahl ni bonde, Vik ni ghuba ndogo, Nes ni rasi.

Dhana: Mke alichukua jina la mume tangu zamani

Hapana. Anna Larsdotter alizaliwa binti Lars na akafa binti Lars, awe ameolewa na nani. Desturi ya kumpa mke jina la mume ilitoka mijini na kwa wakubwa, ikaenea kwa wakulima baadaye sana.

Dhana: Ukilitafsiri jina, umepata asili yake

Lindström ni "mlindeni" (aina ya mti wa Ulaya) na "kijito", lakini usitafute kijito hicho. Watu wa mijini waliunganisha maneno mawili ya maumbile kwa sababu yalipendeza masikioni. Nobel nalo halina uhusiano na neno la Kiingereza la ukabaila, "noble": limefupishwa kutoka Nobelius, jina lililotokana na Nöbbelöv, parokia ya kusini mwa Sweden. Wasomi walipenda hivyo viishio vya Kilatini. Baba yake Carl Linnaeus, yule mtaalamu wa mimea, aliitwa Nils Ingemarsson. Alipojiandikisha chuo kikuu alijitungia jina kutokana na mlindeni mkubwa uliokuwa kwenye ardhi ya familia. Jina la Celsius, ambaye kwa kipimo chake tunapima joto, linatokana na shamba la Högen, "kilimani", likageuzwa kuwa neno la Kilatini la urefu wa kwenda juu.

Dhana: Maofisa wa Ellis Island waliyabadilisha majina ya wahamiaji

Maofisa wa Ellis Island, kituo cha kupokelea wahamiaji huko New York, walifuata orodha ya abiria iliyoandikwa bandarini, meli ilikotokea. Mabadiliko mengi waliyafanya wahamiaji wenyewe, baada ya kufika. Johansson (Johan, kisha s ya "wa", kisha son) alipunguza s moja. Ndugu wawili kutoka Norway waliweza kufika Minnesota, Marekani, mmoja akajiandikisha Hansen kwa jina la baba, mwingine Bakke kwa jina la shamba, na wajukuu wao wakaketi darasa moja bila kujua kwamba ni ndugu.