Je, wajua kwa nini bomba la gesi hulipa kodi ya pango chini ya barabara?

Hapa Arusha, mtungi wa gesi unaokwenda Sakina au Njiro hupanda bodaboda. Umefungwa kwa mpira nyuma ya dereva, unazunguka Mnara wa Saa, unashika njia yake, na baada ya muda mfupi uko jikoni. Barabara umeitumia kama anavyoitumia abiria yeyote: umepita, umeondoka. Muuzaji ana leseni yake ya biashara ya Jiji, lakini mtungi ule haudaiwi pango la barabara.

Bomba haliondoki. Likishafukiwa linakaa miongo kadhaa chini ya lami iliyolipiwa na wananchi wote, na siku likivuja barabara inafumuliwa upya. Hapo ndipo ilipo sababu. Katika miji mingi ya Marekani, ambako gesi hufika jikoni kwa bomba kama maji yanavyofika kwetu, kampuni hukaa mezani na baraza la madiwani na kutia saini mkataba wa kutumia hifadhi ya barabara kwa miaka maalumu. Jiji ni mwenye nyumba, kampuni ni mpangaji, na ada inayolipwa ni pango. Desturi hiyo ni ya zamani: mwaka 1816 baraza la jiji la Baltimore lilitoa kibali cha kulaza mabomba ya gesi chini ya mitaa yake, na jiji hilo likawa la kwanza nchini humo kuwashiwa taa za barabarani za gesi.

Ada yenyewe hukokotolewa kwa njia mbili kuu. Miji mingine hutoza asilimia ya mauzo ya kampuni, mingine hutoza kiasi kimoja kwa kila mteja kwa mwezi. Lakini swali linalonigusa zaidi ni la nani anayelipa hasa, na jibu lake unalo mfukoni. Chukua risiti yako ya Luku, ya kununua umeme. Utaona EWURA (mdhibiti wa nishati na maji) asilimia 1, REA (wakala wa nishati vijijini) asilimia 3, na tangu mwaka 2021 kodi ya majengo nayo hukatwa humo humo. Mpangaji wa chumba kimoja Ngarenaro anajua jinsi makato ya jengo lisilo lake yanavyopitia kwenye umeme wake, halafu abaki kukumbushana na mwenye nyumba. Ada ya gesi kule huenda vivyo hivyo: kampuni huikusanya, jiji huipokea, na anayeitoa ni yule aliyebandika sufuria jikoni.

Ndiyo maana kisa cha Des Moines, katika jimbo la Iowa, kinastahili kusimuliwa polepole. Jiji hilo lilibanwa na upungufu wa mapato, likaanza kupandisha ada yake kwenye bili za gesi na umeme, ambayo hatimaye ilifika asilimia 5. Mwaka 2004 mkazi mmoja akaenda mahakamani. Hoja yake ilikuwa nyepesi kueleweka: kama ada ni ya kulipia gharama za jiji kusimamia mabomba na nyaya barabarani, basi isizidi gharama hizo, ikizidi ni kodi, na jiji halina mamlaka ya kujitungia kodi. Kesi ilivutwa kwa miaka mingi. Mwaka 2009 wabunge wa jimbo waliziruhusu halmashauri kutoza hadi asilimia 5, lakini fedha zilizokwisha kukusanywa kabla ya hapo zilibaki kwenye kesi. Mwaka 2012 mahakama ya juu kabisa ya jimbo iliunga mkono wananchi, na jiji likatakiwa kurudisha karibu dola milioni 40.

Zingetoka wapi? Sheria ya jimbo iliruhusu ada ipande kwa muda hadi asilimia 7.5 ili deni lilipwe. Yaani wateja wakachangishwa kwenye bili zile zile ili warudishiwe walichokatwa. Nikifikiria hilo, naona diwani anayejisifu kwamba "ameibana kampuni" kwa asilimia kubwa amewabana wapiga kura wake.

Nguvu ya kweli ya baraza iko kwenye vipengele visivyoonekana kwenye bili. Jiji likipanua barabara, nani anagharamia kuhamisha bomba? Mtaro ukishafukiwa, lami inarudishwa kwa kiwango gani? Ramani ya mabomba inakabidhiwa kwa nani? Sisi tuliochimbiwa mitaa ili kulazwa mabomba mapya ya maji tunajua uzito wa maswali hayo kuliko asilimia yoyote. Na kuna muda. Jiji la San Diego, katika jimbo la California, lilitia saini mkataba wake mwaka 1970 kwa miaka 50. Mtoto aliyezaliwa mwaka ule alikuwa mtu mzima mwenye mvi siku madiwani waliporudi mezani. Mwaka 2021 wakakubali miaka 10, na nyongeza ya 10.

Arusha hatuna bado gesi ya bomba. Gesi ya Songo Songo, iliyogunduliwa mwaka 1974 na kuanza kutumika mwaka 2004, imefika Dar es Salaam, hata baadhi ya nyumba za Mikocheni zimeunganishwa. Ikija huku, mazungumzo hayatafanana na ya Des Moines. Bei husimamiwa na EWURA, barabara kuu ni za TANROADS, wakala wa barabara wa taifa, na mitaa mingi ya mjini, tangu mwaka 2017, iko mikononi mwa TARURA, wakala wa barabara za vijijini na mijini. Madiwani wetu wana ushuru wa huduma, unaotozwa kwenye mapato ya kampuni, lakini funguo za nyumba anazo mwingine. Kwa hiyo diwani atakayetaka lami ya kata yake irudishwe ilivyokuwa itabidi aingie kwenye kikao cha TARURA mapema, kabla koleo la kwanza halijagusa ardhi.